MHUNZI NA GARI LA UMEME

Bila shaka umewahi kumwona mhunzi kazini. Ana moto, mivukuto, nyundo na fuawe. Mtu tunayesoma habari zake hapa alikuwa mhunzi wa kijijini. Jina lake Thomas Davenport. Alizaliwa mwaka 1802 katika jimbo la Vermont, Marekani. Shule alisoma kidogo tu.

Mwaka 1833 alisikia kuwa katika kiwanda cha chuma huko Crown Point iko sumaku ya ajabu. Akaenda kuiona. Ilikuwa chuma kilichozungushiwa waya. Ukipitisha umeme wa betri, chuma kinavuta. Ukikata umeme, kinaachia. Davenport aliitaka, lakini fedha hazikutosha. Basi farasi wa ndugu yake akatolewa ili sumaku ipatikane. Hebu fikiri! Ni kama wewe utoe maksai wako upewe kipande cha chuma.

Nyumbani aliifungua sumaku ile, waya kidogo kidogo. Mkewe Emily aliandika kila hatua. Kisha wakaunda nyingine. Waya ulitakiwa kuvikwa kitambaa, ili umeme usiruke njiani. Inasimuliwa kwamba Emily alichana gauni lake la arusi, gauni la hariri, likawa vitambaa vya waya.

Mwaka 1834 sumaku zake zilizungusha gurudumu. Hiyo ndiyo mota. Mwaka 1835 aliunda kigari kidogo kilichozunguka juu ya reli kwa nguvu ya umeme. Mwaka 1837 serikali ilimpa hati ya uvumbuzi wake.

Lakini betri za wakati ule zilikula zinki. Zinki ikiisha, kigari kinasimama, na zinki ilikuwa ghali mno. Wanunuzi hawakuja. Davenport alifilisika, akafa mwaka 1851 kabla ya kutimiza miaka 50.

Mwaka 1859 Mfaransa Gaston Planté aliunda betri ya risasi, ambayo ikiisha nguvu hutiwa umeme tena. Risasi ndiyo madini yaliyochimbwa Mpanda miaka ya 1950. Wewe wa Kasokola unaijua reli ya kutoka Kaliua: ilijengwa kwa ajili ya mgodi huo.

Siku hizi wako watu wanaotoa injini ya pikipiki au gari kuukuu, wakatia mota na betri, pale pale uani kwao. Ndani ya mota, sumaku inavuta, inaachia, inavuta tena.