Rosalba Carriera, mwanamuke wa vijiti vya rangi

Alizaliwa Venezia, kule Italia, mwaka 1673. Baba alikuwa karani, mama alikuwa anafuma dantela, na makuta nyumbani haikuwa mingi. Rosalba alianza na kazi ndogo: kuchora sura za watu juu ya vifuniko vya vikopo vya tumbako. Kisha akashika pastele, ni kusema vijiti vya unga wa rangi. Vumbi tunaijua sisi wote. Ile yake ilikuwa inatoa ngozi ya mutu, laini kabisa, na lesi kwenye kola.

Mwaka 1720 akaenda Paris pamoja na mama na dada zake. Akachora mufalme Louis wa 15, angali mutoto, na Akademi ya wachoraji ikamupokea.

Hakuolewa. Mikono yake ndiyo ililisha nyumba, na dada yake Giovanna alikuwa anamusaidia kazi. Giovanna akakufa 1737. Kisha macho ya Rosalba ikaanza kuzimika. Walimupasua, akaona tena kidogo, giza ikarudi. Kwetu, hapo ndipo maisha yake yanatuuma: kazi ilikuwa yote kwa macho. Alikufa kipofu, 1757. Picha zake nyingi ziko Dresden, Ujerumani.