Amir Jamal: Mbunge wa Morogoro na kompyuta ya kwanza ya Hazina

LINAPOTAJWA jina la Hayati Amir Habib Jamal, wengi humkumbuka kwa shilingi, bajeti na Azimio la Arusha. Wachache wanakumbuka kwamba kompyuta ya kwanza nchini iliwekwa katika wizara aliyoiongoza.

Jamal alizaliwa Mwanza mwaka 1922, katika familia ya asili ya India, na elimu ya juu aliipata Calcutta. Aliporejea alishika biashara, kisha siasa. Urafiki wake na Mwalimu Julius Nyerere ulimwingiza katika harakati za uhuru, na mwaka 1959 alikuwa miongoni mwa mawaziri watano wa kwanza waliotokana na wajumbe wa kuchaguliwa.

Jimbo lake lilikuwa Morogoro, na halikuwa jepesi. Mwaka 1955 wakulima wa Matombo, katika Milima ya Uluguru, walikuwa wamekataa kulazimishwa na wakoloni kuchimba matuta ya ngazi, na ghasia zile zilimwaga damu. Watu waliokataa utaalamu ulioletwa kwa amri hawakuwa wa kudanganyika. Hata hivyo, katika uchaguzi wa 1965, wa jembe na nyumba, ndio waliompa Jamal ushindi mkubwa dhidi ya mgombea Mwafrika.

Mwaka huohuo aliteuliwa Waziri wa Fedha, na Hazina ikapokea ICT 1500, mtambo wa kampuni ya Kiingereza uliojaza chumba. Kazi ilikuwa tele: Juni 1966 Benki Kuu ilifunguliwa na shilingi ya Tanzania ikaanza kutumika, na Februari 1967 mabenki yakataifishwa.

Oktoba 1967, miezi minane baada ya Azimio, watafiti wa mifumo ya kompyuta walikutana Gatlinburg, mji mdogo wa Marekani ulioegemea milima kama Morogoro inavyoegemea Uluguru. Lilikuwa kongamano la kwanza la aina yake. Edsger Dijkstra wa Uholanzi alieleza namna kompyuta moja inavyoweza kuendesha kazi kadhaa kwa mpangilio zisigongane. Larry Roberts naye aliwasilisha mpango wa kuunganisha kompyuta zilizo mbalimbali, ambao miaka miwili baadaye ulizaa ARPANET, mzazi wa intaneti.

Hazina ya Dar es Salaam ilikuwa na tatizo jingine kabisa. Jaribio la kuhamishia hesabu za serikali kwenye kompyuta lilikwama: wataalamu wazalendo walikuwa wachache mno, vitabu vikavurugika, na mahesabu yakarudishwa kwenye mashine za kawaida. Mwaka 1974 serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, kwa lengo pia la kuokoa fedha za kigeni.

Jamal hakuwa Hazina wakati huo. Alihamishiwa Biashara na Viwanda mwaka 1972. Lakini alirudi 1975, na tena 1979 hadi 1983, akaikuta amri ile ikiwa na nguvu. Katika nchi iliyokosa dola za mafuta na chakula, ni vigumu kumlaumu waziri aliyefunga mlango wa mitambo ya anasa. Ila gharama ilikuwapo, nayo haikuandikwa katika bajeti yoyote: msomi asiye na mtambo wa kufanyia majaribio hawezi kupeleka utafiti wake katika makongamano kama lile la Gatlinburg. Kizazi kizima cha vijana wenye vipaji vya hesabu kiliyasikia kwa mbali tu.

Baada ya uwaziri aliiwakilisha Tanzania Geneva. Alifariki Canada Machi 1995, na mwaka huohuo anwani za intaneti za Tanzania, zile zinazoishia na .tz, zilianzishwa. Mkoani Morogoro, fani ya kompyuta hufundishwa Mzumbe, na pia Mazimbu katika kampasi ya Chuo Kikuu cha Sokoine.