Hammett: Mpelelezi aliyegeuka mwandishi na kufungwa kwa kukataa kutaja majina

WAPENZI wengi wa riwaya na filamu za upelelezi wanamfahamu Sam Spade kuliko wanavyomfahamu aliyemuumba. Ilhali maisha ya Dashiell Hammett yalikuwa na misukosuko isiyopungua ile ya wahusika wake.

Samuel Dashiell Hammett alizaliwa Mei 27, 1894 katika kaunti ya St. Mary's, jimbo la Maryland, Marekani. Aliacha shule angali mvulana ili kuikimu familia yake, akawa anafanya kazi za kijungujiko. Mnamo 1915 aliajiriwa na Pinkerton, shirika la wapelelezi wa kibinafsi. Huko alijifunza kuwafuata washukiwa na kuzisoma hila za walaghai.

Wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, alijiunga na jeshi katika kikosi cha ambulensi. Akiwa kambini alipatwa na homa kali ya mafua iliyoikumba dunia wakati huo, kisha akaugua kifua kikuu. Maradhi hayo yalimlazimu kuacha upelelezi na kushika kalamu akiwa San Francisco.

Kuanzia 1922 hadithi zake fupi zilichapishwa magazetini, hususan katika jarida la Black Mask. Kabla yake, hadithi nyingi za aina hii zilisimulia vifo katika majumba ya matajiri na mabingwa waliofumbua mafumbo wakiwa wameketi vitini. Hammett aliurejesha uhalifu mitaani, kwa lugha kavu isiyo na madoido. Katika Red Harvest (1929), mji mzima umeoza kwa ufisadi, polisi wakiwemo.

Kilele cha ufanisi wake kilikuwa The Maltese Falcon (1930). John Huston aliigeuza filamu mnamo 1941, Humphrey Bogart akiwa Sam Spade. The Thin Man (1934) ilikuwa riwaya yake ya tano na ya mwisho.

Hollywood ilimpa fedha nyingi, naye akazitapanya kwa anasa na pombe. Hata hivyo, mchezo wa filamu Watch on the Rhine (1943), alioutunga kutokana na tamthilia ya mwandani wake Lillian Hellman, uliteuliwa kuwania tuzo ya Oscar. Wakati huo alikuwa amerejea jeshini kwa hiari ingawa umri ulikuwa umesonga na afya yake dhaifu. Alitumwa visiwa vya Aleutian, Alaska, alikohariri gazeti la wanajeshi.

Mtihani mkubwa ulimfika mnamo 1951. Hammett, aliyeunga mkono siasa za Kikomunisti, alikuwa mdhamini wa hazina iliyowalipia dhamana viongozi wa Chama cha Kikomunisti. Baadhi yao walipotoroka, mahakama ilimtaka awataje waliochangia hazina hiyo. Alikataa katakata, akahukumiwa kifungo cha miezi sita kwa kudharau mahakama.

Alipotoka alikuta vipindi vya redio vilivyotokana na kazi zake vimekatizwa, na serikali ikimdai kodi chungu nzima. Mnamo 1953 aliitwa mbele ya kamati ya Seneta Joseph McCarthy, na huko pia hakumsaliti yeyote.

Alifariki New York Januari 10, 1961 kutokana na saratani ya mapafu, akiwa mkata. Kwa kuwa alitumikia jeshi katika vita viwili, alizikwa katika makaburi ya kitaifa ya Arlington. Serikali iliyomfunga ndiyo iliyompa heshima za mwisho.