Nikola Tesla na Mashua Isiyokuwa na Nahodha

Huenda umekwisha kuona kigari cha kuchezea, au ndege ndogo ya mfano, ambayo hugeuka kulia na kushoto ingawa hapana mtu anayeigusa. Mwenye kuiendesha amesimama kando, ameshika kisanduku chenye vitufe. Kati ya kisanduku na ndege hamna kamba wala waya. Je, amri yake hupita wapi? Ili uelewe jambo hilo, soma habari za Nikola Tesla, mmoja wa watu wa kwanza kabisa kuonyesha hadharani chombo cha namna hiyo.

Tesla alizaliwa tarehe 10 Julai, 1856, katika kijiji cha Smiljan. Siku zile kijiji hicho kilikuwa chini ya Dola ya Austria. Leo kimo katika nchi ya Kroatia. Jamaa zake walikuwa Waserbia, na baba yake alikuwa kasisi. Mama yake hakujua kusoma, lakini alikuwa fundi hodari: alijitengenezea vyombo vya kazi za nyumbani, tena alikariri mashairi marefu bila kukosea. Tesla aliamini kwamba akili yake ya kuvumbua aliirithi kwa mama huyo.

Alisoma katika chuo cha ufundi mjini Graz, lakini hakumaliza. Akafanya kazi Budapest na Paris, kisha mwaka 1884 akapanda meli kwenda Marekani. Kwa muda wa miezi michache alikuwa fundi katika kampuni ya Thomas Edison mjini New York, akaacha. Baada ya hapo alipatwa na dhiki kubwa hata mwaka 1886 ikambidi achimbe mitaro ili apate chakula. Hebu fikiri: mtu ambaye kichwani mwake alikuwa amekwisha kuichora mota mpya ya umeme, ameshika sululu barabarani!

Mwaka 1888 bahati yake iligeuka. Kampuni ya Westinghouse ilinunua haki ya kutumia mota yake, inayoendeshwa kwa mkondo geu, yaani umeme unaokwenda mbele na kurudi nyuma mara nyingi kwa kila sekunde. Umeme unaoletwa majumbani kwa nyaya ni wa aina hiyo. Lakini tarehe 13 Machi, 1895, nyumba yenye maabara yake iliungua usiku. Mashine na karatasi za kazi ya miaka mingi zikawa majivu. Tesla alitafuta nyumba nyingine, akaanza upya.

Katika maabara hiyo mpya ndimo alimotengeneza mashua tunayoisimulia. Mwaka 1898 aliipeleka kwenye Maonyesho ya Umeme katika jumba la Madison Square Garden, mjini New York. Ilikuwa mashua ya chuma, yenye urefu wa zaidi ya mita moja, ikielea katika birika kubwa la maji. Tesla alisimama mbali nayo, mbele ya kisanduku chenye mkono wa kuzungushia. Alipouzungusha, mashua ilikwenda, ikapinda, taa zake zikawaka na kuzimika. Watazamaji walishangaa. Husimuliwa kwamba baadhi yao walidhani ni uchawi, na wengine wakasema kwamba ndani yake amefichwa nyani mdogo aliyefundishwa kazi.

Ndani hamkuwa na nyani. Mlikuwa na betri, mota ya kuzungusha rafadha, mota nyingine ya kugeuza usukani, na chombo cha kupokea mawimbi ya redio. Sehemu muhimu ya chombo hicho ilikuwa kopo dogo lenye chembechembe za chuma. Kwa kawaida chembe hizo zimelegea, na umeme haupiti kwa urahisi. Wimbi la redio linapofika, chembe hushikamana na umeme wa betri ukapita, kama vile umewasha swichi. Kisha kopo hupinduliwa, chembe zikalegea tena, tayari kungojea wimbi jingine. Kila wimbi lilisogeza gurudumu la swichi hatua moja: usukani kushoto, usukani katikati, usukani kulia.

Angalia vizuri jambo hili, maana wengi hukosea hapa. Wimbi halikuisukuma mashua. Lilileta amri tu. Nguvu ilitoka katika betri zilizokuwamo ndani. Kengele ya shule ikilia, haikubebi mpaka darasani. Wewe husikia, ukaenda kwa miguu yako mwenyewe.

Tarehe 8 Novemba, 1898, serikali ya Marekani ilimpa Tesla hati nambari 613,809 ya kulinda uvumbuzi huo. Mwaka huohuo Marekani ilikuwa ikipigana na Hispania. Tesla alitaka kuliuzia jeshi la majini vyombo vya kubeba baruti bila ya mabaharia. Alitumaini kwamba silaha ya kutisha namna hiyo ingewafanya wanadamu waogope kupigana. Jeshi halikununua. Na tumaini lake halikutimia, kwa kuwa silaha kali zaidi zimetengenezwa tangu siku hizo, na vita havikukoma.

Palikuwa na shida nyingine, ya kisayansi. Chombo kinachosikia kila wimbi kinaweza kutii amri ya mtu yeyote, hata adui. Kwa hiyo Tesla alibuni njia ya kutumia mawimbi mawili ya aina mbalimbali kwa pamoja. Yakifika yote mawili chombo hufanya kazi. Likifika moja tu hakifanyi. Ni sawa na sanduku lenye kufuli mbili. Uvumbuzi huo ulipewa hati zake mwaka 1903.

Shida hiyo ingalipo kwa mtu anayenunua vyombo vikuukuu vya kuendeshea ndege ya mfano. Kisanduku cha mkononi kinaweza kung'aa kama kipya, lakini kama hakipatani na chombo cha kupokea kilichomo ndegeni, ndege haitatii. Na katika vyombo vingi vya zamani, watu wawili wakitumia wimbi moja uwanja mmoja, amri huchanganyika na ndege huanguka. Mnunuzi mwenye busara hutazama kwanza kama betri zimevuja na kuozesha vyuma. Kisha huiweka ndege chini, mota ikiwa imezimwa, huku mwenziwe akienda mbali na kisanduku, hatua kwa hatua. Usukani ukiacha kutii angali karibu, hainunui.

Hati ya Tesla ilidumu miaka 17 kwa sheria ya wakati ule, ikaisha mwaka 1915 bila kumletea utajiri. Mwaka 1937 pacha wawili wa Marekani, Walter na William Good, walirusha ndege ya mfano iliyoongozwa kwa redio. Ndege hiyo, iliyoitwa Guff, ilihifadhiwa katika makumbusho ya taifa ya urukaji mjini Washington. Wakati huo Tesla alikuwa hai, mzee wa miaka 81, akiishi peke yake hotelini New York, na madeni mengi. Alipenda kuwalisha njiwa. Alifariki tarehe 7 Januari, 1943, katika chumba nambari 3327 cha hoteli ya New Yorker.

Mwaka 1960 wanasayansi wa mataifa walikubaliana kukiita kipimo kimoja cha sumaku kwa jina lake. Utakapofika shule ya sekondari na kupima nguvu ya sumaku, jibu lako utaliandika kwa tesla.