Mchungaji Oberlin na Watoto Wadogo

Twapenda kuwasimulia habari za mtumishi mmoja wa Kanisa la Kilutheri, Johann Friedrich Oberlin, maana kwake twaweza kujifunza jinsi ya kusema na watoto wadogo.

Oberlin alizaliwa tarehe 31 Agosti 1740 katika mji wa Strasbourg, nchi ya Alsace, huko Ufaransa. Mwaka 1767 akawa mchungaji wa Waldersbach, kijiji kilichomo katika milima ya Vosges. Watu wa huko walikuwa maskini sana. Ardhi yao ilikuwa haba, njia mbaya, na baridi kali. Mchungaji Stuber, aliyemtangulia, alikuwa amekwisha kuanza shule za kusoma. Walakini watoto wadogo hawakuwa na mahali pao. Wazazi walipokwenda kazini, wao walibaki bila mlinzi, wala hapakuwa na mtu wa kuzungumza nao. Nao walijua lugha ya nyumbani tu, hali shuleni walitakiwa kujua Kifaransa.

Basi, katika kijiji cha Belmont alikuwako msichana jina lake Sara Banzet. Huyu alikuwa akiwakusanya watoto na kuwafundisha kufuma nguo za sufu. Baba yake hakupendezwa, kwa kuwa kazi ile haikuwa na malipo. Oberlin alipopata habari alifurahi mno, akapatana na baba yule, na mwaka 1769 akamwajiri Sara kwa kazi hiyo. Baadaye wanawake wengine wakawekwa katika vijiji vingine.

Watoto walikutana katika chumba chenye jiko la kuotea moto, wakaketi wakimzunguka mwalimu wao. Mikono yake ilifuma, na kinywa chake kilizungumza nao. Aliwaonyesha picha za Biblia, na za wanyama na mimea. Kitu kilitajwa kwanza kwa lugha ya nyumbani, kisha kwa Kifaransa. Siku njema walitoka kwenda kuchuma maua, wakajifunza majina yake, wakaimba. Hivyo mtoto alipata maneno kabla hajashika kitabu, na alipoingia shule ya kusoma hakuwa mgeni.

Sara alifariki mwaka 1774, angali kijana. Lakini kazi haikufa pamoja naye. Msichana mwingine, Louise Scheppler wa Bellefosse, aliingia nyumbani mwa Oberlin akiwa na umri wa miaka ipatayo 15, akawatumikia watoto wadogo muda wa maisha yake. Mke wa Oberlin alipofariki mwaka 1783, Louise aliwalea na watoto wa mchungaji, asikubali tena kupokea mshahara. Oberlin mwenyewe alifariki tarehe 1 Juni 1826, akazikwa Fouday. Mwaka 1829 wakuu wa elimu katika Ufaransa, wale wa Académie française, walimpa Louise tuzo ya faranga 5,000 kwa ajili ya wema wake. Naye alifariki mwaka 1837.

Ndugu, tuyatafakari mambo haya. Mara nyingi maneno yetu kwa watoto ni amri tu: njoo, nyamaza, lete maji. Hata katika mafundisho ya Jumapili twawataka waitikie yale tuliyosema, kisha twadhani wamefahamu. Lakini mtoto asiyeulizwa neno hajifunzi kujibu, na asiyesikilizwa atatuambiaje yaliyomo moyoni mwake? Wale wanawake wa Vosges hawakuwa na elimu kubwa, wala hawakuacha kazi ya mikono yao. Sisi nasi twaweza kuzungumza na mtoto huku tukipukuchua mahindi au tukichambua mboga. Tumwonyeshe kitu, tumwulize, kisha tungoje jibu lake kwa saburi, wala tusimcheke akikosea. Bwana wetu hakuwazuia watoto wasimjie. Basi nasi wanapotujia na maswali yao, tusiwafukuze.