Kifaru, Farasi na Malori: Maisha ya Loris Malaguzzi

Wiki hii nawaandikia kutoka Nyamasaria, Kisumu, kando ya barabara kuu ya kwenda Nairobi, ambako kazi imenileta mbali na bahari. Wazazi wa huku, sawa na wa kwetu Pwani, huipima nasari kwa wingi wa maandishi daftarini. Mtoto wa miaka minne akirudi bila kazi ya nyumbani, mzazi huona ada yake imekwenda bure. Mjadala huu umenikumbusha mtu niliyemsoma nilipokuwa nikifanya diploma yangu, naye ni Loris Malaguzzi wa Italia.

Malaguzzi alizaliwa Correggio, kaskazini mwa Italia, tarehe 23 Februari 1920. Alikulia chini ya utawala wa Mussolini, enzi ambayo raia alitakiwa kutii na kunyamaza. Akasomea elimu, akawa mwalimu wa shule ya msingi.

Vita Vikuu vya Pili vilipomalizika mwaka 1945, alisikia habari iliyomshangaza. Katika kijiji cha Villa Cella, karibu na mji wa Reggio Emilia, watu walikuwa wakijenga shule ya watoto wadogo kwa mikono yao. Mtaji wao ulikuwa pesa za kuuza kifaru cha vita, malori machache na farasi walioachwa na jeshi la Wajerumani lilipokimbia. Malaguzzi akapanda baiskeli kwenda kujionea. Akawakuta kina mama wakisafisha matofali ya nyumba zilizobomolewa na mabomu. Watu wale hawakuwa na serikali ya kuwasaidia wala tajiri wa kuwafadhili. Walichotaka ni watoto wao wasilelewe tena kuwa watu wa kuitikia tu.

Akaungana nao. Baadaye aliacha kazi ya serikali, akaenda Roma kusomea saikolojia, kisha akarudi kuwahudumia watoto wenye matatizo ya kujifunza. Mwaka 1963 baraza la mji wa Reggio Emilia lilifungua shule yake ya kwanza ya chekechea, naye ndiye aliyekuwa mwongozaji.

Katika shule hizo, somo lilianza na swali la mtoto. Watoto walikaa vikundi vidogo, wakabishana, wakachora, wakafinyanga udongo na kujaribu majibu yao wenyewe. Kila darasa lilikuwa na walimu wawili, na kazi yao kubwa ilikuwa kusikiliza, kuandika wanayoyasema watoto na kupanga hatua inayofuata. Palikuwa na karakana ya sanaa na mwalimu wake. Wazazi nao walikaa katika kamati, wakawa na sauti katika uendeshaji.

Haikuwa raha mustarehe. Mwaka 1976 msemaji wa upande wa Kikatoliki alizishambulia shule hizo redioni, akidai zinaharibu watoto na kuzibughudhi shule za dini. Malaguzzi hakurudisha matusi. Alifungua milango, akawaita wazazi na mapadri waje waone na wajadili. Mazungumzo yaliendelea kwa miezi kadhaa, na shule zikatoka zimeeleweka zaidi. Mwaka 1981 maonyesho ya kazi za watoto wake yalifika Stockholm, na mwaka 1991 jarida la Newsweek liliitaja shule ya Diana ya Reggio Emilia miongoni mwa bora duniani. Malaguzzi alifariki tarehe 30 Januari 1994.

Kwa nini nakusimulieni haya? Kwa sababu kwetu jambo hili si geni. Mombasa, miaka ya 1980, jamii zetu za Kiislamu pamoja na Wakfu wa Aga Khan zilianzisha nasari za madrasa zilizochanganya dini na michezo, kwa vifaa vya mazingira yetu na kamati za wenyeji. Mpango ule ukafika Zanzibar na Uganda. Na tangu Katiba ya 2010, elimu ya chekechea iko mikononi mwa kaunti, karibu kabisa na sisi.

Hapa Nyamasaria mto hufurika mvua ikizidi. Mtoto anayeuliza maji yale yametoka wapi ana somo la wiki nzima, akiwa na wenzake wa kushauriana naye na mwalimu wa kumsikiliza. Akinyamazishwa ili anakili herufi ukurasa mzima, atajua kunakili. Sisemi mtoto asijue alifu na bee. Nasema azijue akiwa bado ana hamu ya kuuliza.

Basi mkutano wa wazazi ukiitishwa nasari kwenu, nendeni, kina baba nanyi msibaki barazani. Mkishauliza habari za ada, muulizeni mwalimu pia wiki hii watoto wameuliza nini. Jibu lake litawajuza mengi kuhusu shule ile.