Simba aliyebeba kombe na gari la mtumba

Mafundi wa pikipiki wa Mtwara, wale ambao masika yakichachamaa na wateja wakipungua hukaa kibandani kufufua Honda iliyotelekezwa, wana mzee wao michezoni. Alikuwa Mkenya, Joginder Singh.

Alizaliwa Kericho mwaka 1932, akajifunza ufundi kwenye gereji ya baba yake. Mwaka 1965 yeye na ndugu yake Jaswant waliingia mbio za East African Safari na Volvo PV544 ya mtumba, ambayo timu ya kiwanda ilishaitumia. Ni kama timu ya mtaani ivae njumu zilizotupwa na vigogo wa ligi, kisha iwafunge hao hao pale Nangwanda Sijaona. Ndugu hao walivuka vumbi na matope wakabeba kombe, timu za viwanda zikiwa nyuma yao.

Watu wakambatiza Simba wa Kenya (wa Yanga msinune).

Wala hakubahatisha. Mwaka 1968 mvua ilipiga hadi yakamaliza magari 7 tu, lake likiwamo. Akashinda tena 1974 na 1976, safari hizo na Mitsubishi Lancer. Kati ya Safari 22 alizoanza, alimaliza 19, na hapo ndipo ufundi wake ulipoonekana kuliko hata kwenye makombe. Wenye kasi walikuwepo wengi, ila gari zao zilifia njiani.

Alifariki London Oktoba 2013, akiwa na miaka 81.